Siri Aliyoibeba Otto

Madam aliniambia nikae, nikabaki nimesimama. Miaka mitatu nilikuwa sijawahi kuketi mbele yake, na asubuhi ile ya Alhamisi nilijua sikuitwa kwa heri. Ashiraf alikuwa ameshafika kabla yangu. Alisimama karibu na dirisha, funguo za gari mkononi, macho yake kwenye zulia. Huyo ndiye mwanamume niliyempenda mpaka nikawa najishangaa mwenyewe, na hakuniangalia hata mara moja.

Ngoja niseme kwanza mimi nilikuwa nani mle ndani, maana watu wa kwetu Tanga wakisikia niko Dubai kwenye nyumba ya watu, wanakata shauri palepale kwamba nadeki na kupiga pasi. Sikuwa nadeki. Nilikuwa mlezi msaidizi wa watoto wa mwana wa mfalme. Mfalme mwenyewe yuko kwao Ulaya, nchi ndogo yenye baridi na kasri moja kubwa. Mwanawe, ambaye sisi tulimwita Sir, alikuja Dubai kwa shughuli zake, akapanga villa kule Jumeirah, akahamia na mkewe, ndiye huyo Madam, na watoto wawili. Chumba cha watoto akakihamisha kizimakizima: vitanda vilevile vya mbao alivyolalia yeye, saa ileile ya ukutani, na Miss Martina yuleyule aliyemlea.

Miss Martina ana miaka sitini na minane na magoti mabovu. Shangazi yake alimlea mfalme, yeye akamlea Sir, na sasa alikuwa anamlea Otto wa miaka mitano pamoja na dada yake mchanga. Usidhani kazi yenyewe ni kuogesha na kulisha. Hizo kulikuwa na wasichana wa kuzifanya. Mlezi wa kifalme ndiye anayemfundisha mtoto kusalimu, kusubiri zamu yake, kushindwa mchezo bila kununa, kumtazama mtu usoni anapoomba msamaha. Mambo yote ya siku huandikwa jioni katika buku kubwa jeusi wanaloliita Kitabu cha Siku, na ukurasa wake wa kwanza una masharti matatu ambayo Miss Martina alinikaririsha wiki yangu ya kwanza utadhani mimi ndiye mtoto. Mlezi hamwambii mtoto uongo. Mlezi hamfundishi mtoto kuwaficha wazazi wake jambo. Na mlezi akiondoka, humuaga mtoto mchana, macho kwa macho, akamwambia kweli kwamba harudi.

Nilimuuliza mbona hilo la kuficha limepigiwa mstari mara mbili. Akanijibu kwamba mtoto wa mfalme atanong'onezwa na watu maisha yake yote, kila mtu na lake, basi angalau wasianze kumnong'oneza chumbani kwake.

Sasa, Septemba ile Otto alikuwa aende kukaa kasrini kwa babu yake, kama desturi yao ilivyo. Miss Martina hakuziweza tena ngazi za kule. Akaniteua mimi. Sir akakubali, Madam akakubali, na mfalme akajibu kwa barua yenye muhuri. Mimi, Joha wa Ngamiani kule Tanga, mwalimu wa chekechea niliyetua Dubai na sanduku moja, niwe mlezi mkuu wa mjukuu wa mfalme. Barua ile niliisomea chooni, mlango nimeufunga, nikilia kwa furaha.

Kwa hiyo unajua nilikuwa na nini cha kupoteza nilipokuwa nimesimama pale. Hicho, na Ashiraf.

Madam alikuwa na karatasi mkononi. Magari ya nyumba ile yana chombo kinachoonyesha kila yalikopita, na walinzi huleta taarifa yake kila wiki. Jumanne, baada ya Otto kutoka darasa la kuogelea, gari la Ashiraf lilikwenda Al Nahda, kule kwenye maghorofa ya mpakani na Sharjah, likasimama dakika arobaini. Siku hiyo Miss Martina alikuwa kwa daktari wa magoti na mimi nilibaki na mtoto mchanga aliyekuwa na homa, kwa hiyo Otto alikuwa peke yake na dereva. Madam alimuuliza mwanawe walikwenda kufanya nini. Otto akafumba mdomo. Alipoulizwa tena akalia, akasema ni siri, ameahidi, na ni kwa ajili ya Joha.

"Kwa ajili yako," Madam akarudia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mwanangu hajawahi kuniambia neno siri. Nataka kujua nani kamfundisha."

Ndipo Ashiraf akasema. Alisema kwa Kiingereza chake kizuri cha Kampala, polepole, akilitazama zulia, kwamba mimi nilimpa kifurushi cha rafiki yangu anayekaa Al Nahda, nikamwomba akipeleke, na nikamwambia mtoto asiseme nyumbani.

Hakukuwa na kifurushi. Rafiki yangu wa Al Nahda ni nani? Sina. Nilimgeukia, naye akainua macho kwa mara ya kwanza. Jamani, macho ya Ashiraf. Ni makubwa, yana kope ndefu ambazo mwanamume hastahili kupewa, na wakati ule yalikuwa yananiomba. Nikadhani nimeelewa. Jumapili iliyopita alikuwa ameniambia kwamba anatafuta chumba Al Nahda, chumba chetu, cha kuanzia maisha baada ya ndoa. Nikajisemea: maskini, alikwenda kukiangalia kile chumba, akaona mwenye nyumba hana muda mwingine, akampandisha na mtoto juu. Na kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake, ni Sir mwenyewe. Akiachishwa kazi, viza imekwisha, anarudi Kampala mikono mitupu. Mimi nitasamehewa, nilifikiri. Mimi wananipenda.

"Ni kweli, Madam," nikasema. "Ni mimi."

Miss Martina alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mkongojo magotini. Alinitazama muda mrefu sana, nami nikashindwa kumtazama.

Madam alikunja karatasi yake. Akasema kifurushi angenisamehe, hata safari ya Al Nahda angenisamehe, lakini hilo la kumfunga mtoto mdomo hawezi. Kasrini sitakwenda. Na kwa kuwa sitakwenda, hakuna haja ya Otto kuendelea kunizoea, basi niondoke leo. Saa tisa nimuage mtoto kama inavyotakiwa, saa kumi Ashiraf anipeleke nitakapopataja. Nikataja Al Twar, kwa binamu yangu Hamida. Aliniahidi barua nzuri ya kunisaidia kupata kazi nyingine. Alikuwa na machozi, sitamsingizia. Mimi sikuwa nayo bado.

*

Ashiraf alinifuata chumba cha kufulia, nyuma ya jiko, mahali petu pa kuonana. Kwa miaka miwili kila Ijumaa alikuwa akiniletea pale pakiti ya ubuyu mwekundu, anaununua soko la Naif kwa wafanyabiashara wa Kitanzania wanaokuja kuchukua mizigo. Mara ya kwanza hakusema kitu. Aliiweka juu ya mashine, akaondoka, na mimi nikaula wote nimesimama, vidole vikawa vyekundu, Madam akaniuliza kama nimejikata. Tangu hapo nikawa wake. Mtu mwenyewe alikuwa hata hajui kula ubuyu. Alimung'unya kokwa moja nusu saa akaniuliza sasa naitupa wapi.

Alifunga mlango akanishika mikono yote miwili.

"Mukwano," akasema. Ndivyo Waganda wanavyomwita mpenzi, na akilisema yeye nilikuwa nalegea. "Umeniokoa. Sitasahau mpaka nakufa."

"Ungeniambia mapema ningejua la kusema. Chumba chenyewe kikoje?"

"Chumba gani?"

"Si kile ulichokwenda kuangalia Jumanne."

"Eeh, chumba. Kizuri. Kina dirisha kubwa. Utakipenda."

Ningelishika hapohapo neno lile, lakini nilikuwa na yangu. Nilimuuliza kuhusu wazee wake. Miezi minane nilikuwa nasubiri barua ya posa kutoka kwao, na kila mwezi ilikuwa na sababu yake: baba yake mkubwa mgonjwa, msikiti unajengwa, mvua imebomoa njia. Mama yangu hakumtaka Ashiraf. Hakuona ubaya wa mtu kuwa Mganda, alisema, ubaya ni kwamba hatujui kwao. Kila nikipiga simu Tanga aliniuliza swali lilelile, kuna mtu wetu amefika huko akaona mlango wao? Nami nilikuwa nikimkasirikia. Nilimwambia mara moja kwamba siku hizi watu wanaoana bila upelelezi, akanikatia simu, tukakaa wiki tatu hatusemezani.

"Julai," Ashiraf akasema. "Wallahi Julai wazee wanakuja Tanga. Na sasa si ni vizuri? Hiyo Ulaya ingetutenganisha. Sasa utabaki hapa hapa na mimi."

Alitabasamu alipokuwa anasema hivyo. Nilikuwa nimetoka kupoteza kazi ambayo hakuna binti wa Ngamiani aliyewahi hata kuiota, na yeye alitabasamu. Nikajiambia ni mapenzi. Mtu anataka kukaa na wewe, utamlaumu vipi? Nikamwegemezea kichwa kifuani, nikasikia harufu ya sabuni yake ya karafuu, nikafumba macho.

Nilikuwa mjinga, nisijifiche. Ila nilikuwa mjinga mwenye furaha, na furaha ile ilibaki saa tatu tu.

*

Saa tisa nilipanda chumba cha watoto. Mtoto mchanga alikuwa amelala kwa msichana mwingine. Otto alikuwa chini kwenye mkeka, amepanga farasi wake wa mbao mstari mmoja. Walikuwa sita, walichongwa zamani kule kwao, na kila mmoja alikuwa amepita mikononi mwa babu yake na baba yake. Miss Martina alisema angekuwa chumba cha pili, mlango wazi, kama desturi inavyotaka.

Nilikaa chini nikamwita. Tulizungumza Kiingereza siku zote, ila Kiswahili alikijua cha kulalia na cha kulilia. Akiumia alisema "aa, mama yangu we" kama mtoto wa Tanga kabisa, na wageni walikuwa wakicheka. Nikamwambia sitakwenda naye kasrini. Nikamwambia naondoka leo, na sirudi. Maneno yale niliyafanyia mazoezi bafuni mara kumi na bado yalinikwama.

Alinitazama usoni, kama nilivyomfundisha.

"Ni kwa sababu ya siri yangu?"

Masharti ya ukurasa wa kwanza hayamuachii mtu nafasi. "Ni kwa sababu ya jambo nililomwambia mama yako asubuhi."

"Lakini mimi sikusema," akasema. "Mama aliuliza na sikusema. Miss Martina aliuliza na sikusema. Niliitunza."

"Najua, mwanangu. Hukukosea. Ile siri hata mimi naijua, Ashiraf ameniambia. Mlikwenda kuangalia chumba."

Akatikisa kichwa. Alitikisa polepole, kwa huruma, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto.

"Wewe hujui, Joha. Wewe ndiye usiyejua. Ndiyo siri yenyewe."

Nilitaka kumshika mabega nimuulize, siri gani, sema, nini. Mikono ilikuwa imeshanyanyuka. Nikaishusha. Nilikuwa nimesikia siku ile yote mtoto yule amebanwa na wakubwa, huyu akimwambia funga mdomo, yule fungua, na mimi nilikuwa karibu niwe wa tatu.

"Otto, nisikilize. Mtu mzima hakupaswa kukupa mzigo kama huo. Ukitaka kuutua, utue, hakuna atakayekukasirikia. Ukitaka kukaa nao, pia sawa. Mimi sikuulizi."

Alimchukua farasi mmoja, mweusi mwenye mguu uliogandishwa kwa gundi, akamzungushazungusha.

"Kuna mtoto," akasema. "Anaitwa Ramathan. Ana meno mawili tu, hapa. Anti Cissy aliniruhusu nimpakate. Anti Cissy alinipa chapati yenye yai ndani. Ramathan alipomwona Ashiraf akanyoosha mikono hivi, akawa anapiga kelele, baba, baba, baba. Na ukutani kuna picha. Ashiraf amevaa kanzu nyeupe, Anti Cissy amevaa gauni lenye mabega makubwa, watu wengi wanapiga makofi." Akanitazama. "Ashiraf aliniambia nisimwambie mtu yeyote kabisa, kwa sababu Joha akisikia atalia. Na mimi sitaki ulie."

Sikujua nilikuwa nimeshaanza. Nilijua alipoweka kiganja chake shavuni kwangu na kikalowa.

"Umeona?" akasema, naye analia. "Ndiyo maana sikusema."

"Nalia, ndiyo," nikamwambia. "Inauma, sitakudanganya. Lakini si wewe uliyeniliza. Wewe umenitunza kuliko mtu yeyote katika nyumba hii."

Tukalia wote wawili pale kwenye mkeka. Meno mawili. Nilikuwa nahesabu bila kutaka: meno mawili ni miezi saba, minane. Miezi minane ndiyo niliyokuwa nasubiri barua ya posa. Baba mkubwa mgonjwa, msikiti, mvua. Mwenzangu alikuwa anapokea mtoto wake wa kwanza, na Ijumaa ananiletea ubuyu. Na mama yangu, kule Tanga, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa ameliona jambo lote kutoka barazani kwake na nikamfokea.

Otto alijifuta pua kwa mkono, kisha akakumbuka adabu akatoa leso. Akanipa yule farasi mweusi.

"Nilimwahidi Ramathan farasi. Yeye hana. Lakini sasa hawatanipeleka tena. Utampelekea wewe?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba haiwezekani. Halafu nikaona jinsi anavyonitazama.

"Nitampelekea," nikasema.

"Unaahidi?"

"Naahidi."

*

Miss Martina alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na pengine tangu asubuhi alishajua kwamba nilikuwa nimesema uongo. Mtu aliyelea watoto miaka arobaini na mitano humdanganyi kwa urahisi. Alinishika mkono, na kwa magoti yake yale tukashuka ngazi moja moja hadi sebuleni kwa Madam, akamweleza mwenyewe.

Madam alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akaja akanishika bega, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Kwa hiyo hukumtuma."

"Sikumtuma, Madam."

"Na mtoto wangu hukumfundisha kuficha."

"Hapana."

Niliona uso wake unafunguka, na nitakuwa mwongo nikisema sikutumaini. Nilitumaini sana. Niliiona barua yenye muhuri, nikayaona magauni ya kijivu ya walezi niliyoonyeshwa kwenye picha, nikamwona Otto anashuka ngazi za kasri ameshika kidole changu. Juu tulimsikia Otto anawasemesha farasi wake.

"Lakini asubuhi nilikuuliza," Madam akasema. "Nilikuuliza wewe, mbele ya Miss Martina, na ukaniambia ni wewe."

Nikatazama zulia.

"Ninaelewa kwa nini. Mimi pia ni mwanamke. Ila Joha, kule anakokwenda mwanangu, watu watakuwa wanamwomba mlezi wake mambo kila siku. Nitamwambia nini mfalme? Kwamba huyu ni mkweli, isipokuwa akiombwa na mtu anayempenda?"

Nilimgeukia Miss Martina, niliyemtegemea kama mama, na yeye akainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakumpinga. Masharti yale aliyarithi, hakuyatunga, na mimi nilikuwa nimeyavunja kwa ajili ya mwanamume aliyeniuza akiwa amesimama hatua nne kutoka nilipo.

Hapo ndipo nilipoumia hasa. Si Cissy. Cissy hajanikosea kitu. Niliumia kwamba Ashiraf alijua. Alijua nitajibu nini kabla hajafungua mdomo. Aliyapima mapenzi yangu akaona yanatosha kumbeba, akayatumia mara moja, yakaisha.

Madam akanyanyua simu aite dereva mwingine, akasema Ashiraf atakabidhi funguo sasa hivi. Nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba akabidhi akirudi. Anipeleke yeye. Madam alinitazama, akaweka simu chini.

*

Saa kumi gari lilikuwa mbele ya baraza. Ashiraf alitia sanduku langu nyuma, akiimba kidogo kidogo, kisha akanifungulia mlango wa mbele kama alivyokuwa akifanya tukiwa wawili peke yetu. Nilipita, nikafungua wa nyuma mwenyewe, nikakaa mahali pa abiria. Akacheka.

"Umekuwa madam sasa?"

Alizunguka akaingia, akarekebisha kioo mpaka macho yetu yakakutana. Juu, dirishani, Otto alikuwa amesimama mbele ya Miss Martina, mkono wake umenyanyuka. Nami nikanyanyua wangu.

"Pole, mukwano," akasema. "Utamsahau. Na yeye atakusahau, watoto wao wanasahau haraka. Sasa tunakwenda Al Twar kwa Hamida, sawa? Jumapili nitakuja, tutazungumza mambo ya Julai."

Nilifungua mkoba nikamtoa farasi, nikamweka magotini. Farasi wale sita kila mtu wa nyumba ile aliwajua. Dereva aliwaokota chini ya viti vya gari mara ngapi. Niliona kwenye kioo macho yake yanashuka, yanamkuta farasi, yanabaki hapo.

"Huyo unampeleka wapi?"

"Kwa Ramathan."

Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza. Mlinzi wa getini, kijana wa Kinepali, alikuwa ameshafungua geti anatusubiri. Ashiraf alishika usukani kwa mikono miwili.

"Nani amekuambia?"

"Mtu aliyekaa na siri yako siku mbili ili mimi nisilie. Ana miaka mitano. Wewe una thelathini na minne."

"Joha, sikiliza. Nilikuwa nakuja kukuambia. Cissy walinioza nyumbani, nilikuwa kijana. Hata yeye alikuja Dubai mwaka jana tu. Na sisi ni Waislamu, si ndiyo? Dini inaruhusu."

"Basi ungesema. Ungesema siku ya kwanza ya ubuyu, ningekataa mchana kweupe, tukasalimiana kama watu, nikaenda zangu Ulaya."

"Ningekupoteza."

"Khalas, Ashiraf, yamekwisha. Umenipoteza, na umenipotezea na yule mtoto."

Alijifuta uso. Nilimwangalia kisogo chake nilichokizoea, kovu dogo chini ya sikio la kushoto, kola iliyopigwa pasi vizuri. Ni mimi niliyekuwa nikimsifu kwa kujipigia pasi mwenyewe. Hata hiyo sasa nilijua ni nani anayeipiga. Nilimpenda bado, na hiyo ndiyo aibu yangu. Moyo hauzimwi kama taa. Lakini nilikuwa nimemwahidi mtu.

"Twende Al Nahda," nikamwambia.

"Joha, tafadhali. Twende Al Twar. Huyo farasi nipe mimi, nitampa mwanangu."

"Niliahidi nitampelekea mimi."

"Na Cissy? Akifungua mlango akuone? Akikuuliza wewe ni nani?"

Nilifunga mkanda, nikamlaza farasi vizuri magotini, ule mguu wa gundi usikatike.

"Nitamjibu," nikasema. "Ramathan atakuwepo. Mimi sisemi uongo mbele ya mtoto."

Mlinzi akatupungia mkono tupite. Ashiraf akawasha taa ya kugeuka kulia, upande wa Al Nahda.